Mtu mzima akianza kuanguka, tuulize kwa nini

Kwetu Mbweni, mtu akianguka akatukutika na kutokwa na povu, ugonjwa wake hupata jina kabla hajafikishwa hospitali. Akiwa mtoto mdogo mwenye homa, watu husema degedege. Akiwa mtu mzima, husema kifafa, na wapo watakaosema amepandisha shetani. Majina hayo yanamtosha jirani anayepita. Mgonjwa hayamtoshi, kwa sababu hakuna hata moja linaloeleza ni kitu gani kilichomwangusha.

Naandika haya kama mwandishi wa habari za afya, lakini zaidi kama mtoto wa dada yake mgonjwa. Mama mdogo wangu, mwalimu wa skuli ya msingi, alianza kuanguka akiwa na miaka 46. Hakuwahi kuanguka utotoni, hakuwahi kuumia kichwa, na katika ukoo wetu hatumjui aliyekuwa na kifafa. Ameniruhusu nieleze yaliyompata kwa sharti moja, kwamba jina lake nisilitaje. Bado anafundisha, na wazazi wa wanafunzi wake wanasoma magazeti.

Mambo hayakuanza kwa kuanguka. Kwanza mikono ilimtetemeka akimimina chai. Kisha maneno yakaanza kumpotea. Siku moja alisimama ubaoni akalitafuta neno "kuzidisha" asilipate, akawaambia watoto wafanye "ile ya kuongeza mara nyingi". Nyumbani alimwita binti yake kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Siku ya pili yake akawa mzima kabisa, anapika, anacheka, anasahihisha madaftari. Mumewe akaona ni uchovu wa kipindi cha mitihani.

Ndipo usiku mmoja mumewe akaamshwa na kitanda kinachotikisika. Alimkuta mkewe amekakamaa, macho yamegeuka, ulimi ameuma. Alfajiri wakampeleka hospitali moja mjini. Alipimwa malaria na sukari, akapigwa picha ya CT ya kichwa, na vyote vikatoka salama. Wakaambiwa ni kifafa, wakapewa vidonge na tarehe ya kurudi. Hakuna aliyewauliza kuhusu mikono inayotetemeka wala maneno yanayopotea, na wao hawakujua kwamba mambo hayo yanahusiana na kuanguka.

Alikunywa vidonge kama alivyoelekezwa, na akaendelea kuanguka. Wiki ya tatu akaanza kuona watu ukutani. Alikuwa akilia bila sababu, halafu analala mchana kutwa. Habari zilikwisha kuenea mtaani, na ndugu wakaanza kuja.

Sitaki kuwacheka waliokuja, maana walikuja kwa mapenzi. Mama yangu alimsomea dada yake kila baada ya Magharibi. Kombe liliandikwa kwa zafarani na kunywewa. Sina ugomvi na dua, wala daktari yeyote aliyemtibu hakuwa na ugomvi nayo. Ugomvi ulikuja pale baadhi ya wazee waliposhauri apelekwe shamba akapungwe siku saba, na katika siku hizo asiguse dawa ya hospitali. Mumewe ni mtu mpole asiyependa kubishana na wakwe. Safari hii alisema: "Kisomo kiendelee, na wenye kutaka kuja kusoma mlango uko wazi. Vidonge haviachwi." Nimejifunza baadaye kwamba maneno yale pengine yaliyaokoa maisha yake, kwa sababu kuacha dawa za kifafa ghafla kunaweza kuleta mishtuko inayofuatana bila kukatika, na hiyo huua.

Kulikuwa na jambo jingine likingoja sebuleni. Binti yake mkubwa alikuwa amekwisha kuposwa. Baada ya habari kuenea, upande wa pili ukaleta ujumbe wa adabu kwamba mambo yasimame kidogo, kwanza mgonjwa apone. Kila mtu aliuelewa. Kwetu kifafa kinaogopwa kwenye posa kuliko deni. Watu huamini kwamba kinarithiwa, na wengine huamini kwamba mate ya mgonjwa yanaambukiza. Mtoto wa watu alikaa chumbani kwa mama yake akimbadilisha nguo, na hakusema neno kuhusu harusi.

Tulimpeleka kwa daktari wa pili, naye alifanya jambo dogo. Aliweka mafaili pembeni akauliza: "Kabla ya haya yote, alikuwa anatibiwa nini?" Mume akajibu hakuna. Binti ndiye aliyekumbuka kidonge cha asubuhi. Kwa miaka mitatu mama mdogo alikuwa akimeza kidonge kimoja kabla ya chai, kwa sababu tezi yake ya shingo haikuwa ikifanya kazi vizuri. Kidonge kile kilikwisha kuwa kama mswaki, kila mtu alikiona na hakuna aliyekitaja. Daktari akampapasa shingo, akaandika orodha ndefu ya vipimo.

Tezi hiyo, ambayo kitaalamu huitwa thairoidi, ipo mbele ya koo na ina umbo kama la kipepeo. Hutengeneza homoni zinazoamua mwili uende kasi gani. Ikizembea, mtu huchoka, husikia baridi, hunenepa, nywele hukatika. Wengi wetu tunaijua kwa uvimbe wa shingo unaoletwa na upungufu wa madini ya joto, ndiyo maana chumvi yetu hutiwa madini hayo. Lakini ipo sababu nyingine ya tezi kuzembea, nayo haihusiani na chumvi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hukosea njia na kuishambulia tezi yenyewe. Daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1912 kutokana na tezi za wanawake wanne, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Mtu anaweza kuishi nao hadi uzeeni kwa kidonge kimoja kwa siku.

Mwaka 1966 ukaongezeka ukurasa mwingine. Daktari wa Uingereza ambaye jina lake la ukoo lilikuwa Brain, yaani "ubongo", alieleza na wenzake katika jarida la The Lancet habari za mwanamume mwenye ugonjwa wa Hashimoto aliyekuwa akipatwa na vipindi vya kuchanganyikiwa na dalili kama za kiharusi. Tangu hapo wamepatikana wengine, na hali hiyo ikaitwa ensefalopathi ya Hashimoto, maana yake ugonjwa wa ubongo unaoandamana na ule wa tezi. Mapitio ya wagonjwa 251 yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa karibu robo tatu yao walikuwa wanawake, na karibu nusu walipata mishtuko ya kifafa. Wengine walipoteza kumbukumbu, walishindwa kusema sawasawa, au walianza kuona na kuamini mambo yasiyokuwepo.

Nilipoisoma orodha hiyo ya dalili nilimwona mama mdogo ndani yake. Daktari hakutaka twende haraka kiasi hicho. Alitueleza kwamba ugonjwa huu hauna kipimo kimoja kinachousema. Huangaliwa kingamwili, yaani chembe za kinga zinazoilenga tezi, lakini chembe hizo hupatikana hata kwa watu wazima wa afya, kiasi cha mtu mmoja kati ya kumi katika baadhi ya nchi zilizopima. Kuzikuta kwenye damu ya mtu anayeanguka hakuthibitishi kwamba ndizo zinazomwangusha. Kwa hiyo kwanza huondolewa yote mengine yanayoweza kufanana nao. Aliyataja kwa vidole: uti wa mgongo, virusi vya UKIMWI, kaswende, figo, ini, upungufu wa vitamini, uvimbe kichwani, kiharusi, na aina nyingine za kinga kuushambulia ubongo.

Basi tukapanda boti kwenda Dar es Salaam, mgonjwa amekaa katikati ya mumewe na mimi, mfuko wa plastiki mkononi kwa ajili ya bahari. Alitolewa maji ya uti wa mgongo. Akawekwa kwenye mashine ya MRI, na picha ikatoka safi. Akavalishwa nyaya kichwani kupima umeme wa ubongo, na mistari ikaonyesha ubongo unaofanya kazi polepole kuliko inavyotakiwa. Sababu nyingine zikafutwa moja moja. Kingamwili dhidi ya tezi zikaja juu sana. Homoni zenyewe zilikuwa karibu sawa, kwa sababu ya kile kidonge cha asubuhi. Daktari akasema hilo pia hutokea: tezi inaweza kuwa imetulia na ubongo ukawa kwenye moto.

Akapewa dawa za steroidi kwa dripu kwa siku tano, kisha vidonge vya prednisoloni. Dawa hizi huituliza kinga iliyopotea njia. Siku ya nne asubuhi alimtazama binti yake akamwita kwa jina lake mwenyewe, halafu akauliza kama madaftari ya darasa la tatu yamerudishwa. Binti akatoka nje ya wodi kulia. Mumewe akajibu kwa utulivu kwamba madaftari yako salama.

Wenye wagonjwa wajue kwamba mambo hayakuishia hapo. Steroidi zina gharama yake mwilini. Uso wake ulivimba, usingizi ukaruka, njaa ikawa haishi, sukari ikapanda ikabidi ifuatiliwe. Ramadhani ilimkuta katikati ya dozi, daktari akamwambia asifunge, na kwa mtu aliyefunga tangu utotoni hilo lilimuuma kuliko sindano. Alionywa asiache vidonge kwa siku moja, kwa sababu mwili uliozoea dawa hiyo huwa umepunguza kutengeneza homoni yake yenyewe, na kuiacha ghafla ni hatari. Dozi ilipunguzwa kwa miezi. Mwezi wa tano ilipofika chini sana, mikono ikaanza tena kutetemeka, ikabidi wapande juu kidogo kisha washuke taratibu zaidi. Leo haanguki. Majina ya watu bado humponyoka, na huyaandika nyuma ya daftari lake la maandalio ya masomo.

Lazima niseme jambo moja ili asitokee mtu kuchukua makala hii akaenda kudai steroidi kwa kila anayeanguka. Madaktari wenyewe wanabishana kuhusu ugonjwa huu. Mwaka 2020 watafiti wa Barcelona, Hispania, walichapisha matokeo ya kuwachunguza upya wagonjwa 144 walioshukiwa kuwa nao. Ni 39 tu waliotimiza masharti yake. Waliobaki walikuwa na maradhi mengine, na hata kati ya hao 39 wengi wa waliofuatiliwa baada ya kupewa steroidi hawakupata nafuu. Kwa hiyo jina hili pia linaweza kuwa kama neno kifafa, likafunga mlango wa kuuliza. Mama mdogo alipona kwa sababu watu waliendelea kuuliza, na jina lilikuja mwisho.

Na kuuliza kunawafaa wengi zaidi ya wale wachache wenye ugonjwa wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, wengi wao katika nchi kama yetu, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu sahihi. Nchini mwetu historia ya jambo hili ina mtu wa kukumbukwa. Miaka ya mwanzo ya 1960, huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alifungua kliniki kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa waliokuwa wametengwa na jamaa zao, baadhi wakiwa na makovu ya moto kwa sababu walipoangukia jikoni watu waliogopa kuwagusa. Dawa ya bei nafuu iliwarudisha wengi kwenye mashamba na familia zao. Baadaye watafiti walianza kuuliza kwa nini Mahenge ina kifafa kingi kiasi kile, na miongoni mwa majibu yanayochunguzwa ni ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na nzi wa mitoni. Mahali pengine ni minyoo ya tegu ya nguruwe. Kwingine ni malaria kali ya utotoni, ajali za bodaboda, kiharusi, au mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Kuanguka ni kule kule, na sababu zake zina tiba tofauti.

Sisi wa Mbweni hatuna udhuru wa kutojua. Chuo cha afya kipo hapa hapa mtaani, na wauguzi na wakunga wengi wa visiwa hivi wamesomea hapo. Hata hivyo nimesikia barazani mtu akisema mgonjwa wa namna hii "apelekwe tu Kidongo Chekundu", akilitamka jina la hospitali ya wagonjwa wa akili kama tusi. Kama daktari ataelekeza kliniki ya afya ya akili, tuende bila aibu, maana kifafa hutibiwa huko pia. Ila neno hilo likitamkwa kwa ajili ya kumfungia mtu nje ya mazungumzo, ndilo linaloumiza.

Mama mdogo aliniambia jambo hilo mwenyewe alipopata nafuu. "Nilikuwa nasikia," alisema. Alikuwa akisikia watu wakimjadili juu ya kitanda chake kama hayupo: ni shetani wa wapi, nani atalea watoto, binti ataolewa na nani sasa. Alitaka kujibu na maneno hayakuja. Katika yote aliyopitia, anasema sindano ya mgongoni aliisahau wiki ile ile, na maneno yale hajayasahau.

Kuhusu posa, aliyeivunja kimya ni kijana mwenyewe. Alikuja na ami yake, akakaa, akauliza wazi kama ugonjwa huu unarithiwa. Mume wa mama mdogo hakuficha. Alimweleza kama daktari alivyotueleza: ugonjwa wa tezi wa kinga kujishambulia huweza kuonekana zaidi katika baadhi ya familia, na binti atafanya vyema kupima tezi yake akiona dalili au akishika mimba. Huu wa ubongo ni nadra, na haijaonekana kwamba mama humrithisha mtoto. Kijana akashukuru kwa kuambiwa ukweli. Nikaha ilifungwa mfungo mosi, na mama mdogo alimpaka hina binti yake kwa mkono usiotetemeka.

Ikiwa nyumbani kwako yupo mtu mzima aliyeanza kuanguka, kwanza mlinde. Mgeuze alale ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, legeza nguo shingoni, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimkandamize, usimnusishe kiberiti, na usiogope mate yake. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajarudiwa na fahamu, ni dharura, mkimbize hospitali.

Kisha chukua daftari. Mume wa mama mdogo alikuwa nalo, daftari la kawaida la mistari. Aliandika tarehe, saa, dakika ngapi, upande gani wa mwili ulianza, alikuwa amekula nini, alilala vipi, na maneno aliyokosa siku ile. Daktari wa pili alilisoma lote kabla ya kuandika kipimo chochote. Ongeza kwenye daftari lako dawa zote anazokunywa mgonjwa, hata kile kidonge mlichokizoea, na maradhi yote aliyowahi kutibiwa. Ukifika mbele ya daktari, soma. Ukiambiwa ni kifafa, pokea dawa na usiziache, halafu uliza kwa heshima: kifafa hiki kimeletwa na nini?